Dada Uingereza kaletewa barua ya mamogramu, mimi Tabata nimeambiwa "subiri". Nani hasa anatakiwa kupimwa?

Mama Nuru (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Dada yangu anaishi Reading, Uingereza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwezi wa pili katimiza 51, na haukupita muda akaletewa barua nyumbani: jina lake, tarehe, saa na mahali pa kwenda kupimwa matiti kwa mashine. Mahali penyewe ni trela lililoegeshwa kwenye maegesho ya supamaketi. Hakuomba, haumwi, halipi hata senti. Kanitumia picha ya barua na maneno haya: "Huku hata ukificha umri, wao wanao."

Mimi nina 43. Sina uvimbe, sina maumivu, sina chochote. Ila ile barua ilinikaa kichwani. Jumatatu nikaenda hospitali moja ya binafsi hapa mjini, nikamwambia dada wa mapokezi nataka mamogramu. Akauliza, "Una shida gani?" Nikasema sina. Akaniangalia kama mtu aliyekuja kujinunulia sanda akiwa mzima. "Basi subiri ufike hamsini, dada." Jumatano nikapita nyingine karibu na kazini. Huko wakasema njoo hata leo, hata wa thelathini tunapima, kalipie dirisha la tatu. Bei niliyotajiwa ilinirudisha nyumbani kufikiri.

Sasa wajuzi, yupi kati ya hao wawili kasema kweli? Nani anastahili kipimo hiki na kwa umri upi? Na kwa nini dada atafutwe hadi mlangoni, mimi niliyejipeleka kwa miguu yangu nirudishwe?

Nawasilisha.

Fundi Kitasa

Nimevuta kiti na kahawa yangu. Mke wangu ana 46 na anauliza hayo hayo. Waje wenye fani.

Mzee wa Kilinge

Mnapenda kujitafutia magonjwa. Mtu mzima, hana hata kipele, anakwenda kulipa ili aambiwe anaumwa. Enzi za bibi zetu nani alipigwa picha ya titi?

Kivuli Cheupe

Mzee wa Kilinge, nitakurudia. Nianze na mwenye uzi.

Mama Nuru, kazi yangu ni kupiga hizo picha, mwaka wa kumi na moja huu. Wale wa mapokezi hakuna aliyekudanganya, ila hakuna aliyekueleza. Jina la kipimo ni moja, shughuli zake ni mbili.

Kuna mamogramu ya mtu asiye na dalili yoyote. Huyu ni mzima, amekuja tumtafutie kitu kidogo ambacho mkono hauwezi kukishika. Hiyo ndiyo yenye masharti ya umri, na ndiyo ya dada yako. Halafu kuna mamogramu ya mtu aliyekuja na kitu: uvimbe, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu au majimaji yanayojitokea yenyewe, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, kinundu kwapani. Huyu hatumwulizi umri ili tumkubali au tumkatae. Tunamwuliza ili tujue tuanze na kipimo gani. Watu wengi, hata wa mapokezi, wanachanganya hizi mbili, na mkanganyiko huo ndio unaoua.

Turudi kwenye ile ya kwanza. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanawake wa 50 hadi 69 waitwe kila baada ya miaka 2, tena pale tu ambapo huduma za afya zimesimama sawasawa. Nchi zenye huduma dhaifu ziliambiwa zianze kwanza na mwenye uvimbe: aonwe mapema, atibiwe mapema. Uingereza wanaita kuanzia 50 hadi mtu anapotimiza 71, kila miaka 3. Uholanzi 50 hadi 75, kila miaka 2. Ujerumani walikuwa wanaishia 69, toka Julai 2024 wamesogeza hadi 75. Sweden wao wanaanza na 40.

Utauliza, kama sayansi ni moja mbona namba zimetawanyika hivyo? Ni kwa sababu wanaopanga hawaulizi tu kama mashine inaona. Wanauliza: nikiita wanawake elfu wa umri huu, nitaokoa wangapi na nitawahangaisha bure wangapi? Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, titi lake mara nyingi bado limejaa tishu za tezi. Kwenye picha hizo zinatoka nyeupe. Saratani nayo inatoka nyeupe. Ni kutafuta punje ya chumvi ndani ya sukari. Hedhi ikishakoma, mafuta yanachukua nafasi ya tezi, picha inakuwa ya kijivukijivu, na kitu cheupe kinajitangaza chenyewe. Juu ya hapo, saratani yenyewe inaongezeka kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo kwa mama wa 60 unapata zaidi na unakosea kidogo. Kwa wa 42 ni kinyume chake. Kila nchi imechagua mahali pa kukata, kulingana na mfuko wake na uvumilivu wake.

Na ile barua ya dada haikushuka mbinguni. Inatoka kwenye daftari. Kule mtu anaandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake, tarehe yake ya kuzaliwa ipo, kompyuta inahesabu. Tanzania hatuna mpango wa taifa wa kuwaita wanawake mmoja mmoja kwa barua. Kwa hiyo hapa kwetu anayestahili ni yule ambaye kasoma mwongozo, au daktari wake kamshauri, au mfuko wake unaruhusu.

Wewe kwa 43, bila dalili na bila historia kwenye ukoo, uko mpakani. Hukatazwi, hujachelewa. Onana na daktari akushike matiti kitaalamu, mzungumze, ndipo muamue picha.

Sasa swali langu kwako: mama yenu yupo? Ana miaka mingapi?

Mama Nuru

Ahsante sana mkuu, hapo kwenye chumvi na sukari nimekuelewa moja kwa moja.

Mama yupo, Tanga. Ana 69. Kusema kweli sikuwa nimemfikiria kabisa. Na dada naye hakumtaja.

Kivuli Cheupe

Nilijua. Kila wiki napokea mabinti wa 35 waliojileta wenyewe baada ya kuona tangazo la Oktoba, utepe wa waridi, punguzo la bei. Nyumbani wamemwacha mama wa 65 ambaye ukichukua mwongozo wa nchi yoyote niliyoitaja, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Mpigie.

Jirani wa Nakuru

Hamjambo nyote. Huku Kenya mambo yameandikwa. Mwongozo wa uchunguzi wa saratani wa Wizara ya Afya wa 2018 unasema mamogramu kila mwaka kuanzia 40 hadi 55, halafu kila miaka miwili kuanzia 56 hadi 74. Kwa hivyo Mama Nuru, ungekuwa upande wetu wa Namanga ungekuwa ndani na hakuna mtu wa kukuambia ungoje hamsini.

Lakini karatasi ni karatasi. Hakuna barua inakuja. Hospitali za kaunti kadhaa zilipata mashine kwenye ule mradi wa vifaa wa 2015, na bado ukienda wodini utakuta wamama wamekuja na vidonda. Mashine iko, wanawake hawajaambiwa. Mimi nilijua kwa sababu tu shangazi wa mume wangu ni nesi. Nilienda nikiwa na 41, nikaambiwa mtu wa mashine yuko likizo, rudi wiki ijayo. Nikarudi. Nikaambiwa fomu ya daktari iko wapi. Mara ya tatu ndio nilipigwa picha, na siku hiyo nilikuwa nimevaa rinda la kipande kimoja, nikalazimika kuvua lote. Wamama, vaeni blauzi na sketi.

Na hii mambo ya malipo, toka tutolewe bima ya NHIF tukaingizwa ile mpya ya SHA mwezi wa kumi 2024, usidhani. Piga simu uulize kituo chenyewe kama kipimo cha mtu asiye mgonjwa kinalipiwa, kabla hujapanda matatu.

Mzee wa Kilinge

Sawa. Mimi nauliza moja tu. Hiyo mashine si ina mionzi? Na mionzi si ndiyo inayoleta saratani? Mnamwingiza mtu mzima kwenye moto kila mwaka, akiungua mnasema mmemgundua mapema.

Fundi Kitasa

Mzee leo kauliza la maana jamani.

Kivuli Cheupe

Kauliza la maana kweli, na nitamjibu bila kumzunguka.

Mionzi ipo. Picha ni nne, mbili kila titi: moja kutoka juu, moja kwa ubavu. Kiasi chake kwa jumla kinakaribia kile ambacho mwili wako hupokea kutoka ardhini, hewani na angani kwa wiki saba hivi, ukiwa umekaa kwenye kibaraza chako bila kupigwa picha yoyote. Kwa mama wa 55 hatari hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na faida. Kwa binti wa 22 asiye na dalili, faida karibu hakuna, kwa hiyo hata mionzi midogo hiyo ni hasara tupu. Ni sababu mojawapo ya umri kuwekewa sakafu.

Ila Mzee, hoja yako nzuri zaidi hukuitaja, ngoja nikusaidie. Kuna saratani ambazo zingelala humo titini hadi mwenyewe anakufa kwa uzee, zisimguse. Mashine inaziona, na ikishaziona hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia kuwa hii ni ya kulala au ya kuamka. Unatibiwa. Uingereza waliunda jopo huru chini ya Profesa Michael Marmot, likatoa ripoti mwaka 2012: mpango wao unazuia vifo kama 1,300 kwa mwaka, na wanawake kama 4,000 kwa mwaka wanatibiwa saratani ambayo isingewahi kuwasumbua. Mmoja anaokolewa, watatu wanatibiwa pasipo haja, na hakuna ajuaye yeye ni yupi.

Mimi bado nampeleka mama yangu. Lakini anayekuambia mamogramu haina gharama yoyote ila ya fedha, ama hajui ama anauza.

Mzee wa Kilinge

Hapo umenyoosha. Endeleeni.

Mchagga wa Minnesota

Niongeze ya huku Marekani maana ndugu wengi wanakuja na hawajui. Kile chombo kinachoshauri serikali kuhusu vipimo kilikuwa kinasema anza 50, na wa miaka arobaini kila mtu aamue na daktari wake. Mwezi wa nne 2024 wamebadilisha: 40 hadi 74, kila miaka 2. Chama cha Saratani cha huku chenyewe kinasema 45 hadi 54 kila mwaka, kisha kila miaka miwili ukipenda, na ukitaka kuanza 40 ruksa. Kwa hiyo hata ndani ya nchi moja hawaimbi wimbo mmoja.

Sababu mojawapo ya kushusha umri inatuhusu sisi weusi. Mwanamke mweusi huku ana uwezekano wa kufa kwa saratani ya matiti zaidi ya mweupe kwa kama asilimia 40, ingawa hatuugui zaidi yao. Wengi wetu inatupata mapema na ni ya aina kali, na hospitali haitupokei kwa haraka ile ile.

Sasa kaeni chini niwape mkasa. Mwaka 2023 nina 44, nikaenda. Ile ya kawaida bima ililipa yote, sheria inawalazimisha. Wiki iliyofuata wakaniita tena, "tunataka picha za ziada na ultrasaundi". Nikaenda nikijua ni ile ile. Kumbe kwenye karatasi zao jina lilishabadilika: mara ya kwanza nilikuwa mtu wa kuchunguzwa, mara ya pili nilikuwa mgonjwa anayetafutiwa jibu. Kitu chenyewe kilikuwa maji tu kwenye kifuko. Bili ilikuja baada ya mwezi na nilishindwa kula siku mbili. Kwa hiyo Kivuli anaposema jina moja shughuli mbili, huku wakati huo zilitofautiana hadi kwenye bei. Ulizeni mapema picha za ziada nani analipa.

Kama huna bima na kipato ni kidogo, kuna mpango wa serikali unaopitia idara ya afya ya kila jimbo, unapima matiti na shingo ya kizazi. Uliza idara ya afya ya jimbo lako. Na toka Septemba 2024 lazima majibu yakuambie kama titi lako lina tishu nzito. Ukisomewa hivyo usishtuke, si ugonjwa. Ni ile sukari ya Kivuli.

Bint Ruwi

Salaam aleikum. Mie nipo Muscat. Huku Chama cha Saratani cha Oman wana gari la mamogramu linalozunguka mpaka mikoani, wanawake wa arobaini na kuendelea, bure. Wafanyakazi ni wanawake watupu, nawaambia kwa sababu najua kuna mabibi zetu wakisikia mwanamume atawashika ziwa hawatoki nyumbani. Ami yangu alikuja na mkewe, wakakaa nje ya gari wanavutana nusu saa. Bibi alipotoka akasema, "Ndo hivi tu? Nilikuwa naogopa hivi?"

Mtoto wa Kwanza

Kuna kitu hakijaguswa. Mama yangu aligundulika akiwa na 44, hatunaye. Mama mdogo wangu naye yuko kwenye tiba sasa hivi, ana 48. Mimi nina 31. Hizi 40 na 50 zenu zinanihusu?

Kivuli Cheupe

Pole sana ndugu yangu. Hapana, hazikuhusu. Namba zote tulizotaja ni za mwanamke wa hatari ya kawaida. Ndugu wawili wa damu upande mmoja, wote chini ya miaka 50, wewe ni wa hesabu nyingine.

Kanuni inayotumika na madaktari wengi: chukua umri aliogundulika ndugu yako wa karibu, toa kumi. Wa mama ni 44, kwa hiyo wewe 34, isipokuwa hawashuki chini ya 30. Lakini usisubiri 34 ndipo uonane na daktari, nenda sasa kwa mazungumzo. Atakuuliza na kuhusu saratani ya mayai ya uzazi kwenye ukoo, na kuhusu wanaume. Kuna vinasaba vinaitwa BRCA. Aliyevirithi vikiwa na kasoro, Uingereza wanampiga MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, kila mwaka kuanzia 30. Ontario kule Kanada wenye hatari kubwa wanapigwa MRI pamoja na mamogramu kila mwaka, 30 hadi 69. Na aliyewahi kupigwa mionzi ya tiba kifuani akiwa kijana, naye yumo kundi hilo. Hapa nyumbani MRI ni safari, najua. Anzia Ocean Road au Muhimbili kama uko Dar, KCMC kwa kaskazini, Bugando kwa Kanda ya Ziwa. Omba rufaa na useme wazi historia ya ukoo, usingoje uulizwe.

Fundi Kitasa

Na sisi wanaume? Au titi langu ni pambo?

Kivuli Cheupe

Katika wagonjwa mia wa saratani ya matiti, mmoja au pungufu ya mmoja ni mwanaume. Hakuna anayewaita kwa kipimo cha kawaida, mngetusumbua bure. Ila ukiona kigumu nyuma ya chuchu, Fundi, usijiambie ni msuli wa kupiga nyundo.

Binti Muheza

Samahani kwa kuingilia, nimesoma uzi wote tangu jana. Nina miaka 33. Nina kinundu titi la kushoto, kwa juu karibu na kwapa, toka mwezi wa mfungo. Hakiumi. Nikikibonyeza kinateleza. Nesi aliniambia ni maziwa yameganda kwa sababu nimemwachisha mtoto. Kwa hiyo kama mamogramu inaanza 40, hii miaka saba nifanye nini katikati? Kuna dawa ya kukifanya kisikue?

Kivuli Cheupe

Binti Muheza. Funga simu, lala, kesho asubuhi uwe hospitali. Sifanyi mzaha.

Wewe hukuwa kwenye mjadala wa umri hata dakika moja. 40, 50, 71, barua ya dada wa Reading, vyote hivyo ni vya mtu asiye na kitu. Wewe una kitu. Kwa umri wako wataanza na ultrasaundi, haina mionzi na inaona vizuri kwenye titi la kijana. Wakihitaji mamogramu wataongeza. Wakihitaji watachukua kinyama kidogo kwa sindano, kinapelekwa maabara. Hizo ndizo hatua: kushikwa na daktari, picha, kinyama. Ukiambiwa "ni maziwa" bila hata moja ya hizo, uliza limejulikanaje.

Vinundu vinavyoteleza kwa wasichana mara nyingi si saratani, usikeshe ukilia. Ila kidole hakina darubini. Shirika la Afya Duniani linataka kutoka siku mtu anapofika kituoni mpaka jibu lisizidi siku 60. Wewe toka mfungo umeshazimaliza.

Jirani wa Nakuru

Mdogo wangu, enda. Na urudi hapa utuambie. Tutakungoja.

Mama Nuru

Nimeogopa kidogo. Nilifungua uzi nikidhani naulizia haki yangu, kumbe kuna mtu alikuwa anausoma kama ruhusa ya kusubiri. Binti Muheza nimekutumia ujumbe faragha, mimi Tanga ni kwetu, nina watu hospitalini.

Dada wa Reading

Mdogo wangu Mama Nuru kanilazimisha nijiunge nijieleze. Habari zenu.

Nimekwenda juzi. Trela ukiliona kwa nje ungedhani wanauza samaki na chipsi. Ndani kuna chumba cha kusubiri cha viti vitatu, kikabati cha kubadilishia nguo, na chumba cha mashine. Unavua kuanzia kiunoni kwenda juu. Yule mama akaniuliza kama nimepaka chochote kwapani, nikakumbuka asubuhi nilijipulizia. Akanipa kitambaa chenye maji nifute, anasema poda na dawa za kwapa zinaweza kuonekana kwenye picha kama vidoadoa vya chokaa, na vidoadoa vya chokaa ndivyo wanavyovitafuta. Kisha akalipanga titi langu kwenye kibamba, baridi kama sahani ya chuma iliyolala nje, akanisogeza bega, akanigeuza kichwa, kibamba cha juu kikashuka. Kinabana. Sitawadanganya. Kinabana kama unakamua nazi kwa mikono miwili. Hesabu moja mpaka kumi, kimeachia. Mara nne. Dakika kumi niko nje na kikapu changu, nikaingia kununua mkate.

Wenzetu mlio huku: barua ya kwanza inakuja wakati wowote kati ya kutimiza 50 na 53, kwa hiyo ukiwa na 50 na miezi miwili na hujaona kitu, usipige kelele bado. Ukipita 53 piga. Baada ya 71 hawakuiti tena, lakini unaweza kuomba mwenyewe kila miaka mitatu. Wengi hawajui hilo, wanadhani ukifika 71 umepona. Na mpo akina dada wenye makaratasi yasiyokamilika mnaogopa kujiandikisha kwa daktari. Kujiandikisha hakutaki uonyeshe viza, na bila kujiandikisha barua haitakuja kamwe, kwa sababu hamumo kwenye lile daftari alilosema Kivuli.

Nasubiri majibu, wanasema wiki mbili. Kati ya wanawake 100, kama 4 huitwa tena, na kati ya hao wanne mmoja ndiye hukutwa na saratani. Nimeisoma hiyo karatasi mara sita.

Mzee wa Kilinge

Mungu akujaalie kheri dada. Mimi nimempelekea simu mke wangu asome. Ana 58. Kaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanizuia kwa sababu gani?" Sina jibu.

Binti Muheza

Habari zenu, wiki ya tatu leo. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Siku ya kwanza nilirudishwa, daktari hayupo. Siku ya pili nilionwa, nikapigwa ultrasaundi. Daktari akasema kinaonekana kizuri lakini hatasema kwa macho, akachukua kinyama kwa sindano. Ina sauti kama stepla, jiandaeni. Majibu yametoka jana: faibroadenoma. Uvimbe wa kawaida, si saratani. Nitarudi baada ya miezi sita waangalie kama kimekua.

Mama Nuru shemeji yako wa maabara Mungu ambariki. Nesi yule yule nilikutana naye koridoni, nikamwonyesha karatasi. Akasema, "Si nilikwambia si kitu." Nikanyamaza.

Mchagga wa Minnesota

Alikwambia maziwa, hakukwambia si kitu. Haya ni mambo mawili. Hongera mwaya.

Dada wa Reading

Yangu pia yamekuja. Barua nyembamba. Hakuna kitu, tukutane baada ya miaka mitatu.

Mama Nuru

Wakuu, nifunge hesabu zangu.

Mimi nimeonana na daktari, kanishika, kaniuliza ya ukoo, tumekubaliana nipige picha mwaka kesho nikijipanga na pesa. Sina haraka tena kama ile ya Jumatatu.

Mama ndiyo ilikuwa kazi. Nilipompigia mara ya kwanza alisema, "Haya matiti yamenyonyesha watoto sita, yameshastaafu, saratani itafuata nini humo?" Nikamwambia titi halina pensheni. Akacheka, akakataa. Ikabidi dada ampigie kutoka Reading amsimulie lile trela. Hapo ndipo akaanza kuuliza maswali: nani atakuwepo, atavua nini, atavaa kanga au atapewa shuka. Dada kalipa nusu, mimi nusu, na yuko kwangu Tabata toka juzi. Miadi ni leo saa nne.

Saa moja asubuhi namkuta mbele ya kioo na kopo la poda, kifua chote cheupe mpaka shingoni, kama anakwenda harusini Chumbageni. Nikamwambia, "Mama, nilikwambia leo poda hapana, inaharibu picha." Kanijibu, "Yaani nitoke nje bila poda, watu wanioneje?"

Yuko bafuni anaoga upya. Kivuli Cheupe, tukichelewa dakika kumi watatupokea?

Kivuli Cheupe

Watawapokea. Mwambie aje na leso, akitoka atajipaka.